Siku Mama Alipoingia Tena Kiwandani

Nyumba za Kiwanda,
Mlango wa 14.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mwaonaje hali huko, wewe na shemeji? Kifua cha mtoto kimetulia? Sisi wazima, ila goti la Mama, nalo sasa ni mwanafamilia.

Kiwanda cha nguo hakikubomolewa. Wamepaka rangi ukumbi wa kufumia na kubakiza mtambo mmoja. Mingine iliuzwa chuma chakavu. Siku za wiki watoto wa shule huja kuutazama, Jumamosi ni muziki. Mpiga ngoma wa bendi, tunayemwita Nyundo, alitaka mtambo uwashwe jukwaani apige kwa kuufuata. Kati ya wafumaji waliobaki, mwenye macho na mikono ya kuuweza ni Mama.

Unamjua. Tangu walipofungiwa lango, miaka kumi na tisa sasa, hapiti hata barabara ile. Nyundo alikuja mara mbili akaambulia chai. Mara ya tatu akamsikilizisha sauti ya mtambo aliyoirekodi. Mama akakunja uso.

"Huo unachechemea! Nani kaulegeza mkanda?"

"Sisi tunaupenda hivyo hivyo, Mama."

"Mnaupenda? Utakata uzi huo!"

Asubuhi yake alitoka na spana. Nilimfuata. Alisimama langoni kitambo, kisha akaingia. Alishinda huko kutwa akikaza na kulegeza.

Onyesho lilikuwa jana alasiri. Wafumaji wenzake wanane walikaa mstari wa mbele. Mama akawasha, bendi ikaingia, wakapiga vizuri tu. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, yeye anaendelea. Nyundo akamwashiria, wapi! Basi akarudi kwenye ngoma, gitaa likafuata, wakamsindikiza karibu nusu saa, mpaka uzi alioutega ukaisha, akazima mwenyewe. Wenzake walikuwa wamesimama. Mmoja analia.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza muziki kauonaje.

"Muziki gani?" akasema. "Mimi nilikuwa kazini."

Shangazi anakusalimu sana. Mjomba fundi cherehani anaomba vipimo vya shemeji, akisema asidanganye kiuno. Mungu awatunze ugenini, na awape usingizi mwema.

Ni mimi nikupendaye, hata kwa mbali,
Mdogo wako, Kitindamimba.