Baba ametoa shamba la miti kwa huduma ya wanafunzi, mdogo wangu hanisemeshi tena

Mama Tecla, shikamoo. Naomba unisaidie kabla kamati ya mfuko wa huduma haijaja kupima shamba, maana nikinyamaza nampoteza mdogo wangu na nikisema nitaonekana napinga kazi ya Mungu.

Mimi ni Odeta, mwalimu wa sekondari huku Nyarubungo, Biharamulo, ila kwetu ni Murukulazo, Ngara, ambako baba yangu mzee Matiasi Habonimana alifika kijana akitokea Burundi, akapewa pori, akalifyeka, akatuzaa watatu, mimi, Ansbert na kitinda mimba wetu Iradukunda. Mimi na Iradukunda tulifika chuo kikuu, Ansbert alibaki nyumbani kwa sababu baba alihitaji mikono, na hakuna siku alilalamika, alilima, alioa, akapanda mikaratusi pamoja na baba kwenye kile kilima cha mawe ambacho kila mtu alisema hakioti kitu, na moto ulipotoka kwa majirani mwaka mmoja wa kiangazi ni yeye aliyeingia kuuzima, mpaka leo mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri.

Iradukunda aliugua figo akiwa mwaka wa pili chuoni, mbali na sisi, na waliomuuguza ni wanafunzi wenzake wa ushirika wa Kikristo, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste, wote walipeana zamu, wakamwogesha, wakamlisha, na alipofariki wakamsindikiza hadi nyumbani na kuimba kaburini mpaka sauti zikakauka. Baba hakuwahi kulisahau hilo.

Sasa sisi tuliopitia ushirika ule, tulio Ngara na Biharamulo, tumeanza mfuko wa kudumu, yaani mtaji wenyewe hauguswi, faida yake ndiyo imlipe mtumishi anayewalea wanafunzi wa madhehebu yote, kwa sababu tukitegemea michango ya kila mwezi watu wanasahau na mtumishi analala njaa. Mimi ndiye mratibu. Tukafanya mkutano ukumbini hapa Biharamulo, nikamwalika baba aje atusalimie tu kama mzazi, Ansbert akamleta kwa basi, na baba alipopewa nafasi akasimama na fimbo yake akasema, "Sina elimu ya kuongea nanyi. Lakini mlimuuguza mwanangu mpaka mwisho. Shamba langu la miti ni la hao watoto wenu wa chuo, lote na ardhi yake, tangu leo." Mama Tecla, watu waliruka, wakalia, wakaimba, na mimi nikachukua kipaza sauti nikamshukuru mbele ya wote nikatangaza kwamba mfuko umepata msingi. Nilipogeuka kiti cha Ansbert kilikuwa kitupu.

Nilienda nyumbani mwisho wa wiki iliyofuata nikamkuta anapalilia huko huko kilimani. Nikamsalimia, akajibu bila kuinua kichwa, "Karibu kwenye shamba lenu." Akaendelea na jembe lake. Mke wake Teddy ndiye aliyenisindikiza njiani akaniambia, "Wifi, wewe ulipewa chuo. Marehemu alipewa chuo. Ansbert alipewa panga. Sasa mnataka na mahali pa kulitumia?" Nililia hadi stendi.

Nikamwendea baba, akasema, "Nimetamka mbele za Mungu. Nirudi kumwambia nini?" Mwenyekiti wetu Danstan naye kila siku ananipigia, "Dada, mzee ana umri, tukamilishe hati mapema." Nikikataa shamba, nitasemwa, na mtumishi wetu ana watoto. Nikilipokea, Ansbert sitampata tena. Nifanye nini?

Odeta, Biharamulo

JIBU

Odeta mwanangu, marahaba, na pole sana. Pole kwa Iradukunda kwanza, maana naona hilo kaburi bado bichi kwenu nyote, na kila mtu analililia upande wake. Mzee wako analililia kwa kutoa. Wewe kwa kufanya kazi ya mfuko. Ansbert je, nani amewahi kumuuliza analililia vipi?

Sikusemi kwa ubaya, ila kipaza sauti ulikishika haraka mno. Mzee aliyeguswa moyo anaweza kusema zaidi ya kilicho chake peke yake, hilo si dhambi. Lakini wewe ulijua ni nani alizima moto kwenye shamba lile. Ulipaswa kusema, "Ahsante baba, tutakaa kama familia," kisha ukaketi.

Sasa sikiliza. Mpigie Danstan leo umwambie kupima kumesimama. Akikwambia mzee ana umri, mwambie ndiyo maana. Shamba lililoandikishwa haraka kabla mzee hajafa litagombaniwa siku ya matanga, na hao wanafunzi mnaowahurumia ndio watakaofundishwa upendo na mtumishi anayelipwa kwa ugomvi wa ndugu. Mfuko wa kudumu wa namna hiyo mimi siutaki, na sidhani Mungu anauhitaji.

Kisha nenda kwa Ansbert. Usiende na kamati, wala mchungaji, wala karatasi. Usimweleze umuhimu wa huduma. Ameuona kaburini kama wewe. Muulize anaonaje, halafu nyamaza, hata akikutukana. Akisema hapana, iwe hapana, na wewe mwenyewe urudi ukumbini useme hapana hiyo kwa kipaza sauti kile kile. Akikubali kidogo, pokea hicho kidogo. Na mwambie baba yako, kwa heshima, kwamba kutamka mbele za Mungu hakumzuii mtu kuongea na mwanawe. Anaweza kutoa mavuno ya miti na ardhi ikabaki kwa wajukuu.

Mtumishi wenu asilale njaa, hiyo ni kweli. Basi ninyi mliosoma, wenye mishahara, toeni. Mlipiga makofi vizuri sana siku ile. Sasa ingizeni mikono mifukoni.

Mama Tecla

Jibu hili tulimtumia Odeta kwanza kwa simu. Wiki chache baadaye alituandikia tena:

Mama Tecla, nilienda. Nilimkuta Ansbert anakata kuni, nikakaa chini nikamuuliza kama ulivyosema. Aliweka shoka chini, akasema, "Dada, mimi sikatai kutoa. Hakuna aliyeniomba." Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia kabisa: kama Iradukunda alimtaja alipokuwa anaumwa. Sikujua. Nilimtafuta Niyokwizera, mmoja wa wale waliopeana zamu, sasa ni muuguzi huko Ngara. Alikuja akakaa na Ansbert jikoni kwa Teddy, akamwambia kwamba Iradukunda alikuwa akiwasimulia habari za kaka yake mpaka wakamjua kabla hawajamwona, na kwamba siku za mwisho alimwita yeye Ansbert, hakumwita baba wala mimi. Ansbert alitoka nje. Tulimwacha.

Baba aliposikia hayo alimfuata kwa miguu yake, wakakaa wawili mpaka chakula kikapoa. Wamekubaliana: ardhi inabaki nyumbani, na sehemu ya miti itakatwa kwa ajili ya mfuko kila ikikomaa, Ansbert ndiye atakayechagua ipi. Danstan hajafurahi. Lakini ametoa mchango wake mwenyewe, na wengine wameanza kumfuata.

Jana Ansbert amenipigia, yeye mwenyewe. Ameuliza mkutano ujao ni lini, na kama mtu asiyesoma chuo anaruhusiwa kusimama aseme machache kuhusu mdogo wake. Nimemwambia aje, na asiandike chochote, aseme tu.