Kiganja Chini ya Kliya

Hapana dada, gari la marehemu baba sijaliuza, na wala sijalila. Mnunuzi alitaka rangi mbili, juu nyeupe, chini bluu, na mistari miwili ubavuni mpaka kwenye boneti. Nikapiga nyeupe, nikabandika tepu, nikapiga bluu, nikabandua. Mistari ilinyooka kuliko mimi.

Huku wote wazima. Wifi yako amenenepa, anasingizia kioo.

Sasa sikia. Kabla ya kupiga kliya, ile rangi angavu ya juu, hutakiwi kugusa gari kwa mkono mtupu. Unakumbuka baba alivyokuwa akinizaba makofi kwa kosa hilo? Basi kliya ilipokauka nikaona alama ya kiganja chini yake, pale kwenye boneti. Nami nilikuwa nimejifungia peke yangu. Kina vidole vinne, dada. Kidole cha mwisho hakipo, kama mkono wa baba tangu feni ya injini imkate.

Nikacheka, nikapiga msasa, nikarudia kazi yote. Kikatokea kwenye madigadi. Nikarudia tena. Sasa kiko mlango wa dereva, chini kidogo ya kitasa, na mnunuzi anakuja Ijumaa.

Mara ya nne sirudii. Mzee alikupenda wewe, mimi alinizoea tu. Kwa hiyo tufanye hivi: njoo kabla ya Ijumaa, ufungue huo mlango wewe. Ukikuta kiti kitupu, gari ni lako. Ukimkuta mtu, mwambie hiyo mistari nimeipiga mimi, bila kusaidiwa.

Mdogo wako,
Fundi Domo