Bafu Lisilokauka

Jumatatu, 3 Machi
Nimesugua kuta za bafu kwa siki mpaka mikono inawasha. Ukungu mweusi umetoka. Utarudi tu, naujua. Daktari kasema kifua cha Mama hakiwezi kupona kwenye unyevu huu. Kaka kasikia, keshaamua: Jumapili anakuja, akimkuta bado anakohoa anamchukua. Kwake! Wifi hamtaki, wala hafichi. Mama kanishika mkono – mwanangu, usiniache nikafie kwa watu.

Jumatano, 5 Machi
Fundi umeme kafunga feni ya kutoa hewa. Kasema iwashwe kila mtu akioga, na taulo mbichi zisianikwe ndani. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Nimefurahi kama mjinga.

Ijumaa, 7 Machi
Kuta bado zinatoka jasho. Dari inadondosha maji. Nimempigia fundi, nikamfokea. Maskini, kajibu taratibu tu: dada, hebu kachungulie nje kwanza. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Tundu la feni limezibwa! Kitambaa, tena kimekunjwa vizuri – mkono wa Mama huo. Na kifua chake kile, kapanda kiti!

Nilipomuuliza akainamisha kichwa. Eti jirani anamsikia akikohoa kupitia tundu lile, na jirani na Kaka ni chanda na pete. Atamwambia. Sasa nicheke au nilie? Kaapa hatarudia.

Jumamosi, 8 Machi
Karudia. Kitambaa kingine. Nimekitoa. Madoa yameanza tena karibu na sinki. Nimechoka jamani, nimechoka.

Jumapili, 9 Machi
Kaka yuko sebuleni. Kaja na begi tupu la kutilia nguo za Mama. Mama aliposikia sauti yake tu, huyo bafuni, komeo! Feni kaizima. Maji ya moto kayafungulia yote, ili kikohozi kisisikike.

Naandika nimeegemea mlango wa bafu. Mvuke unapenya chini, soksi zimelowa. Nanong'ona: Mama, washa feni. Mama, toka, utajiua. Anakohoa, anavuta pumzi kwa shida, anakohoa tena. Nikigonga kwa nguvu Kaka atakuja.

Kaka kapaza sauti kutoka sebuleni – vipi, kifua bado kinamsumbua?

Nimemjibu hapana. Siku hizi hakohoi kabisa.

Ndani, Mama kaongeza maji.