Kopo la Dawa Ulilotuachia

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, siyo kwa sababu moyo umepoa. Haujapoa. Leo siku ya thelathini na sita uko udongoni, na mimi nimekasirika tangu siku ya kwanza. Nimewakasirikia wengi, lakini hao nikisema wananijibu, nimechoka nao. Wewe utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na msiba wako. Watu walijaa. Kijiji kizima cha Kiswere kilihamia uani kwetu, na jamaa wa bara walikuja mpaka kutoka Likawage. Unajua walikuwa wanasema nini? Kila mwanamke aliyekaa mkekani alikuwa na yale yale: Mama Zuhura alikuwa daktari wetu. Mtoto wangu alikohoa, akanipa vidonge vinne vya rangi mbili. Mimi nilitokwa na jipu, akanipa vitatu. Mimi nilijikata na panga, akafungua kidonge akanimwagia unga kwenye kidonda, nikapona. Walikulilia wakikusifu kwa kitu kile kile kilichokuua, na mimi nimejitanda kanga, nimeuma meno, naitikia amina. Amina ya nini? Nilitamani kusimama niwafukuze wote, na ubwabwa wao waende nao.

Siku ya kuanua tanga, Bi Mwanaisha jirani aliingia chumbani kwako akatoka na kopo. Lile la maziwa ya unga, lenye kifuniko cha njano. Akaniwekea mapajani mbele za watu, akasema mkubwa ndiye anayerithi, sasa utatugawia wewe, usije ukatutupa. Kama vile ananipa jina la marehemu. Wote wakasema ndivyo, ndivyo. Nikalifungua. Vidonge vimekatwa na karatasi zake kwa mkasi, viwili viwili, vitatu vitatu. Vingine umevifunga kwenye vipande vya kitambaa nilivyokuwa nikikuletea mimi kutoka kazini. Chupa ya dawa ya mtoto imebaki nusu, imeganda. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina. Wewe ulikuwa unavijua kwa rangi, na kwa nani kavileta.

Hii ndiyo mila tuliyojitungia wenyewe, Mama, haikutoka kwa babu wala kwa Mtume. Anayepona anabakiza. Dawa ya siku saba inamezwa siku tatu, homa ikishuka tu, zilizobaki zinapelekwa kwa Mama Zuhura, maana kesho ataugua mwingine. Ukimaliza dozi yako yote unaonekana mchoyo. Ulikuwa ukisema, "Akiba haiozi," huku unafunika kopo na kulirudisha juu ya kabati. Nami nilikuwa nacheka. Nilikuona mwerevu kuliko manesi wote wa zahanati.

Imekuozesha mguu, hiyo akiba. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Ulikwenda kutafuta pweza bamvua lile, maji yalipokupwa sana, ukiwa peku. Zile raba nilizokununulia ulizihifadhi kabatini uende nazo harusini, nani anakwenda harusini na raba? Jiwe la mwambani likakukata chini ya kisigino. Kidonda chenyewe hakikuzidi ukucha. Ukafungua kopo lako, ukavunja kidonge kimoja, unga ukaumwagia kidondani, viwili ukameza. Kesho yake viwili. Maumivu yakatulia, ukaacha ili vibakie. Yakarudi, ukameza vitatu vya rangi nyingine. Nilipopiga simu uliniambia ni mkwaruzo tu, nishone nguo za watu nisikupigie kelele. Nilipokuja Ijumaa mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, unang'aa, na wewe unaniita jina la bibi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulitufundisha wewe mwenyewe.

Hospitali walikutundikia dawa mchana ule ule. Haikufanya kitu. Wakachukua usaha na damu wakapeleka maabara, wakaniambia majibu siku ya tatu. Siku tatu, Mama! Nilikaa pembeni ya kitanda nakuhesabia pumzi, na hao wanangoja wadudu waote kwenye kisahani. Nikamfuata dada wa maabara nikamtukana. Nilimwambia nyie kazi yenu kuotesha, sisi kazi yetu kuzika. Majibu yalipotoka alinishika mkono akanipeleka kuona.

Kisahani chenyewe kidogo, kama kifuniko cha kopo, ndani yake mna kitu kilichoganda kama uji uliolala. Juu yake wamepanga vidoti vya karatasi, kila kidoti kina dawa yake. Dawa ikiweza, kandokando ya kidoti panabaki peupe, hapaoti kitu. Kisahani chako kilikuwa kimeota kote. Kidoti cha rangi mbili, pameota. Cha dawa ile waliyokutundikia, pameota. Wadudu wamejazana mpaka ukingoni mwa karatasi, hawana habari. Kidoti kimoja tu kilikuwa na duara jeupe, nayo dawa hiyo haikuwepo, ikabidi iagizwe Dar. Ilifika siku ya pili baada ya kukuzika. Muuguzi aliyenipigia simu kuniambia hakujua kama umekufa. Nilimjibu asante, nikakata.

Dada wa maabara alinieleza, na nilitaka asinieleze. Alisema ukimeza dozi nusu, wadudu dhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki, na wanaobaki ndio wanaozaa. Ukifanya hivyo leo, na jirani akafanya kesho, na kijiji kizima kikafanya miaka na miaka kutoka kwenye kopo moja, wadudu wa hapo wanaijua kila dawa kama unavyojua watoto wako. Nikamuuliza, kwa hiyo mama yangu ndiye aliyewalea? Akasema wapo na wanaouza vidonge vinne vinne dukani, na wanaowapa kuku, wapo wengi. Sikutaka wengi. Nilitaka mmoja wa kumshika shingo.

Kuna jambo hujui. Wewe umezikwa, wao hawakuzikwa. Wadudu wako wangali hai kwenye friji, kwenye kichupa chenye namba. Pana watafiti pale wanaotafuta jinsi ya kutibu maambukizi makali kama yako, wanapima kama dawa mbili pamoja zinashinda pale dawa moja inaposhindwa. Waliniomba ruhusa waendelee kuwatunza. Nilimwambia daktari wao, unaniomba ruhusa ya kumpa aliyemuua mama yangu kitanda na umeme, wewe ungekuwa mimi ungesema nini? Alisema angekataa, kisha angefikiri, kisha angekubali. Nilimchukia kwa kunijibu vizuri. Nikatia sahihi. Na kopo nikawakabidhi watu wa famasia wakaliteketeze, maana walisema nisilitupe chooni wala baharini.

Sasa sikia la Mama mdogo Somoe, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku za msiba alikuwa na jipu pajani. Alijifungulia kopo mwenyewe kabla Bi Mwanaisha hajaniletea. Akameza vinne. Jipu likanywea, na baada ya wiki tatu akaanza kutetemeka juani. Safari hii sikungoja niambiwe ni mkwaruzo, nilifunga duka nikaja nikamchukua mzima mzima, ananitukana njia nzima. Na kwa kuwa majibu yako yalikuwepo, daktari hakungoja siku tatu. Alisema ni ndugu wawili wa kopo moja, akampa siku ile ile dawa ya kile kidoti chenye duara. Wakamwomba aingie kwenye utafiti, wakamsomea karatasi nzima, akaweka dole gumba. Dawa ya mshipani, siku kumi na nne, asikose hata moja.

Siku ya sita homa ikashuka. Siku ya saba akala wali na samaki akaomba kuongezewa. Siku ya nane, yaani jana asubuhi, nikamkuta amevaa buibui, begi lipo kitandani, amekunja shuka la hospitali vizuri kama mgeni anayeaga. Amepona. Bamvua linaanza, wenzake wote wanakwenda pweza, na arobaini yako imekaribia, nani atapika? Nikamwambia bado siku sita. Akaniambia, "Karatasi imesema naweza kuondoka wakati wowote, bila kuulizwa."

Na kweli imesema. Nilikuwepo ikisomwa. Muuguzi akasema ni haki yake, wao hawawezi kumfunga. Nilimsihi, nikamtisha, nikambembeleza kama mtoto. Akawa ananitazama kwa yale macho yenu, yako na yake, macho ya mtu aliyekwisha kuamua. Akashika begi. Kwa hiyo nikasema, Mama. Wodi nzima ikisikia. Jambo ambalo sikumwambia mtu, wala wewe sikukuambia pale kitandani ulipokuwa bado unasikia.

Vile vidonge ulivyomwagia kidondani vilikuwa vyangu.

Nilikuwa nimeugua mwezi ule, mkojo unaniunguza. Nikapewa dawa ya siku saba, nikameza siku tatu, nikajisikia vizuri. Nikavikata na mkasi wangu wa kazi, nikavifunga kwenye kipande cha kitenge chenye maua mekundu, nikakuletea. Nilikuambia nimekuletea zawadi ya kopo lako. Ukanibusu mkono. Kwenye simu uliniambia umefungua vya maua mekundu, usiwe na wasiwasi, vyako ndivyo vilivyonituliza. Nilijua tangu simu ile. Nilikaa mkekani nikiwachukia wale wanawake wote, nami ndiye niliyeleta.

Dada wa maabara anasema hakuna ajuaye ni kidonge kipi, wala cha nani, kwamba mambo haya ni ya miaka. Anataka kunifariji. Simtaki.

Nilimwambia Mama mdogo, "Dada yako alikufa na nusu dozi yangu. Ukiondoka na hii nusu yako, nani unakwenda kumuua?" Ilikuwa sauti mbaya. Mama wa kitanda cha pili aliweka kikombe chini. Mama mdogo akavua buibui, akalikunja, akalala, akanyoosha mkono wenye sindano kwa muuguzi. Hakunitazama, na mpaka sasa ninapoandika hajasema na mimi. Anapokea dawa yake. Zimebaki siku tano. Asinisemeshe hata mwaka, nitakaa hapa kwenye kiti.

Mama, nilisema nimekasirika na wewe, na ni kweli. Kwa nini hukuniita mapema, kwa nini ulikuwa mwema kiasi kile? Kukusamehe sijakusamehe vizuri bado. Naanza. Na wewe unisamehe kabla sijamaliza, maana wewe ndiye mkubwa.

Arobaini yako Mama mdogo hatapika, atakuwa bado hapa. Nitapika mimi. Hitima ikishasomwa, kabla sinia halijafunuliwa, nitasimama mbele ya Bi Mwanaisha na wote waliosema ndivyo, ndivyo. Nitawaambia urithi nimeukataa na sababu yake, na sitaanza na jina lako. Nitaanza na langu. Wakinichukia, ndiyo haki yao, nami nawajua, wataninyima salamu mpaka bamvua lijalo.

Mungu akulaze pema, Mama yangu. Mguu usikuume tena.

Ni mimi mwanao,
Zuhura