Baba Mdogo, Umerudi Darasani

Kwako Baba Mdogo Ngoy, uliyelala kwenye makaburi ya misheni,

Sikuandikii kukulilia. Wa kukulilia wapo. Mimi nakuletea habari za shule, kwa sababu mwaka huu umo darasani mwangu, benchi la mbele, na gauni la buluu lisilo na vifungo.

Usishangae. Mwanao alipopata mtoto wa kike alimpa jina lako, na kwetu unajua: mwenye jina ni mwenyewe. Nyumba nzima wanamwita Baba, hata mjane wako. Yeye ndiye aliyemleta, akamsukuma mbele yangu: "Kabedi, huyu njo baba yako mudogo. Umufundishe muzuri." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe! Msichana! Tena shuleni!

Unaikumbuka ile asubuhi, mlango huu huu? Baba yangu alikuwa amezikwa karibuni, na wewe ndiye uliyeturithi. Tulikuwa kwenye hesabu. Ukasimama mlangoni na jembe begani, ukaninyang'anya kibao changu cha kuandikia mbele ya wenzangu wote, ukampa mwanao. Nililia, nikakushika mguu. Ukasema, "Mwanamuke akijua kusoma, muhogo utalimwa na nani? Jembe njo kalamu yako weye." Mwalimu akatazama pembeni. Nikalima muhogo wako mpaka ulipokufa, ndipo nikarudi benchi, msichana mzima, magoti yakigonga meza, watoto wakinicheka. Miaka yote hiyo nilingoja neno moja tu kutoka kwako: "Nilikosa." Hukulisema. Hata kitandani, roho ikikutoka, uliniomba maji tu. Nikakupa.

Basi sikia unavyosoma. Hesabu unajumlisha kwa vidole chini ya meza, unadhani sikuoni. Jiografia unaipenda: nikiuliza Luena wanachimba nini, unaruka juu, "Makaa ya mawe, Mwalimu!" Mto Lualaba unauchora umejipinda kama utumbo wa mbuzi. Umejifunza usafi, kuchemsha maji ya kunywa. Kwenye dini unasinzia, Kifaransa kinakutoa jasho. Na kushona je? Wee! Jana umejichoma sindano ukalia, nikasema, "Pole, Baba Mudogo," darasa zima likaangua kicheko. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Saa ya shamba nilikupa jembe zito kuliko yote. Nilitaka nikuone ukichoka. Mtoto akalima huku anaimba, kisha akaniletea kiazi cha kwanza kwa mikono miwili. Nikakasirika zaidi, maana sikuona mahali pa kukushika.

Leo, saa ya imla, nimepaona. Wengine niliwasomea habari za mbuzi aliyekula mahindi. Wewe nilikuinamia sikioni, polepole: "Mimi Ngoy nilimnyang'anya Kabedi kibao chake. Nilikosa."

Chaki ikasimama. "Mwalimu, miye sikunyang'anya mutu kitu."

"Najua, Baba. Andika."

Ukaandika, ulimi nje. Nikakusimamisha, ukasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa jina lako na kwa kinywa chako, mlango ukiwa wazi. Nikakaa juu ya meza, nikajifanya natafuta kengele.

Ukaniletea kibao. "Niliandika bien, muzuri, Mwalimu?"

Nilitafuta kosa, Baba Mdogo. Nilitafuta kwa roho mbaya kabisa, sikupata hata nukta. Nimekupa kumi juu ya kumi.

Lakini sijakusamehe. Kesho tunaanza hesabu za kugawanya. Usichelewe.

Mimi, mtoto wa kaka yako na mwalimu wako,
Kabedi