Maji ya Kobe

Kazerun, kando ya ziwa

Kwako kaka yangu mpendwa Bahador,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kuwait, na kwamba joto la tanuri la mikate halijakumaliza. Sisi hatujambo, isipokuwa baba, na habari zake ndizo zilizonikalisha niandike.

Ziwa limekauka, kaka. Si kupungua kama ulivyoliacha, limekauka lote. Visima vya mashamba, chetu kikiwemo, vililinyonya chini kwa chini huku sisi tukisifia matango. Ndege mwari walikuja majira ya baridi, wakazunguka juu, wakaenda zao bila kutua. Askari wa hifadhi wangali wanalinda, ingawa sijui wanalinda nini.

Matango yalipoanza kutoa maua, baba aliwakuta kobe wa majini wamekwama kwenye tope la mwisho. Alirudi, akaugeuza mpira wa pampu, akayapeleka maji yetu ziwani. Matango yakanyauka. Jirani yetu Heydar akamcheka mbele za watu: "Mzee Mashhadi, umemkamua ng'ombe mpaka kafa, sasa unamrudishia maziwa kwa kijiko?"

Baba akamjibu kwamba kijiko ndicho alichonacho.

Kikatokea kidimbwi, ukubwa wake kama ua wetu, na kobe wakaingia. Baba akawa anashinda pale. Kisha udongo mkavu wa ziwa, uliojaa mizizi ya matete yaliyooza, ukashika moto chini kwa chini, na moshi wake ukamharibu kifua. Sasa hainuki kitandani. Kila alasiri huniambia, "Golnesa, wape wanangu maji." Nami huenda kuwasha injini, naye huisikiliza mpaka usingizi umchukue.

Kaka, kuna jambo analolijua mama peke yake. Kisima chetu kimekauka. Kidimbwi kimebaki nyufa, na kobe niliwazika kwa mikono yangu. Nimeuvua mkanda unaounganisha injini na pampu. Injini inanguruma bure. Baba akiniuliza hali yao, namwambia wamenenepa.

Usiniambie tena tuchimbe zaidi. Ila ukipiga simu Ijumaa, atakusimulia habari za kobe, maana hana nyingine. Tafadhali, muulize wamekuwa wakubwa kiasi gani, umwache aseme mpaka achoke.

Mama anakusalimu, na hukukumbuka katika kila sala.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Golnesa