Kwa Mama Fundi, Kuhusu Siku Ile Dukani

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu utuache, na mpaka leo wapo wateja wanaopiga hodi kuulizia suruali zao. Tunawaambia fundi hayupo tena. Wengine hukaa kidogo kibarazani kabla ya kuondoka.

Ulikuwa na roho nzuri, lakini mdomo wako nao! Mteja akikuambia amepungua, ulimzungushia futi kiunoni ukamjibu, "Futi haina adabu, mwanangu," halafu ukamshonea kwa upendo kama kawaida.

Kila Desemba ulitupeleka mjini kwenye maduka ya Krismasi. Taa kila mahali, watu tele, na sisi tukadhani tunatembezwa. Kumbe ulikuwa kazini. Wateja wako walitaka gauni "kama lile la dirishani", nawe ulikuwa unaiba mshono kwa macho: unageuza pindo, unapima marinda kwa shibiri, unamwekea kitindamimba gauni kifuani kana kwamba unanunua. Tukitoka nje ulikuwa husemi na mtu mpaka uyachore yote kwenye karatasi.

Mwaka ule kitindamimba wako alikuwa na miaka tisa, mkaenda wawili tu kwenye duka kubwa la kona. Uligeuza pindo la gauni jekundu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu muuzaji akaja, na mlinzi nyuma yake.

"Mama, nakuona tangu saa ile. Unanunua au unafanya nini?"

"Naangalia tu, dada."

"Hebu fungua mkoba."

Watu wakageuka. Karibu na rafu ya viatu mtoto akamwona mwenzake wa darasani, kakodoa macho. Muuzaji akamgeukia mwanao, "We mtoto, huyu ni mama yako?"

"Hapana. Simjui."

Ulimtazama mara moja tu. Kisha ukasema, "Kweli, si wangu. Mwacheni aende zake."

Alitoka akasimama nje. Mkobani hawakukuta kitu zaidi ya futi na chaki, wakakuachia. Hukumwita. Ulitangulia, naye akakufuata hatua ishirini nyuma katikati ya umati, roho juu, akiogopa mtandio wako usimpotee na akiogopa zaidi kukufikia. Ulisimama kwenye kila dirisha la duka. Alidhani bado unaangalia magauni. Ukubwani ndipo alipoelewa kwamba kwenye vioo vile ulikuwa unamtazama yeye.

Nyumbani ukamshonea gauni jekundu, likamkaa vizuri kuliko lile la dirishani, na siku ya Krismasi akalivua kabla ya adhuhuri, eti linamwasha. Sote tulimwona mtoto wa kudeka. Tunakuomba radhi kwa hilo, Mama, na yeye pia tunamwomba.

Mwezi uliopita tulipokaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu gazetini, kitindamimba wako akasema, "Mimi msiniweke."

Kaka yake mkubwa akaja juu. "Una nini wewe? Mwaka mzima hujakanyaga kaburini, sasa hata jina hutaki?"

"Sistahili."

"Hustahili nini? Sema!"

Nusura watoleane maneno mazito. Ndipo akayasimulia haya yote, na hakuna kati yetu aliyekuwa akiyajua. Kaka yake akainamisha kichwa. Mumeo, ambaye siku hizi haongei sana, akamsogezea kalamu, akasema, "Basi andika wewe, mama."

Unakumbukwa na mumeo, mwanao mkubwa, mkweo, wajukuu wako wanne na mdogo wako uliyemfundisha kushika sindano. Siku zote za maisha yetu hatutakusahau.

Mstari wa mwisho ameuandika kitindamimba wako, nasi hatukuugusa: Yule dada wa dukani, kama bado yupo, na asome hapa. Huyu ni mama yangu. Namjua.